Ngozi ilibabuka kama ameungua na moto hakuna: mchawi tulimkuta kwenye kibahasha cha khaki

msafiri_wa_pantoni (mtoa uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Nimekaa na hili miezi minne, leo naliandika maana kila nikisimulia mtaani naulizwa maswali yale yale. Ni refu, asiyependa kusoma apite kushoto.

Mdogo wangu wa kike, miaka 24, tunaishi naye Mbagala. Mwezi wa tatu alianza kulalamika mkojo unachoma. Akaenda maabara ya mtaani, akaambiwa ana UTI (na ni nani aliwahi kuingia maabara zile akatoka bila UTI?). Akapita duka la dawa, akapewa vidonge vyeupe kwenye kibahasha cha khaki, vya siku tano. Akameza, akamaliza, mkojo ukatulia. Tukasahau.

Siku ya sita baada ya kumaliza, homa ikapanda. Macho mekundu, koo linakwaruza. Tukasema malaria. Kipimo kikatoka hakuna, ila nyumbani kwetu kipimo kikikataa malaria anayeonekana mjinga ni kipimo, kwa hiyo akaanza mseto na Panadol. Asubuhi ya pili ananiambia, "Kaka, hata kanga ikinigusa naumia." Nikadhani anadeka. Nilipomtazama vizuri midomo imevimba na kupasuka, kifuani ana madoa mekundu yenye weusi katikati.

Zahanati wakasema tetekuwanga, wakatupa dawa ya kupaka. Jioni madoa yakawa malengelenge, malengelenge yakaungana. Shangazi alikuja kutoka Mkuranga, akamfunua shuka, akafunika, akasema hili si la hospitali, hili ni tego. Majina mawili ya vijana wa mtaani yakatajwa palepale. Mmoja wao ndiye aliyetuitia bajaji usiku ule, Mungu ambariki.

Hospitali kubwa tulimkuta daktari wa zamu, binti mdogo kuliko mimi. Akavaa glavu, akaweka kidole begani, mahali ambapo ngozi ilionekana nzima kabisa, akasukuma kidogo kwa pembeni. Ngozi ikateleza kama ganda la nyanya iliyotumbukizwa kwenye maji ya moto. Mimi nilitoka nje kidogo.

Niliporudi alikuwa anamuuliza kuhusu macho, mdomo, na kama anaumia sehemu za siri akikojoa. Halafu akaja kwangu na swali. Sikilizeni hapa. Zahanati tuliulizwa, mapokezi tukaulizwa, nesi naye akauliza: "Anatumia dawa yoyote?" Mara tatu tulijibu hapana, zaidi ya mseto na Panadol za juzi. Na hatukudanganya. Huyu binti akauliza hivi: "ALItumia nini? Tangu mwezi uliopita mpaka leo. Hata kama alimaliza, hata kama ilimponya, hata ya kienyeji."

Tofauti ya -na- na -li-. Ndipo mama akakumbuka kibahasha.

Naenda kula, nakuja kuendelea.

kibatari

Nimeweka kambi. Mkuu usitufanyie kama wale wa "itaendelea" halafu miaka miwili kimya.

Mama Naa

Poleni jamani. Mgonjwa yupo hai lakini? Tuambie hilo kwanza ndiyo tuendelee kusoma.

msafiri_wa_pantoni

Yupo dada, amekaa hapa pembeni anakula chapati na kunikosoa tarehe.

Naendelea. Daktari aligeuza cheti, nyuma akachora mstari mrefu na kuugawa vijisehemu, kila kimoja siku moja. Akaweka alama siku homa ilipoanza. Halafu akawa anaziita dawa moja moja kama mashahidi. Panadol? Alianza baada ya homa. Ikatoka. Mseto? Baada ya homa. Ukatoka. Nikamwambia, lakini daktari, ngozi ilianza kuharibika saa chache baada ya mseto, wote tumeona. Akanijibu neno ambalo sijalisahau: "Homa na macho mekundu ndiyo ulikuwa mwanzo wa ugonjwa wenyewe. Mseto mlimpa kwa sababu alishaanza kuugua. Mnamsingizia aliyekuja kuzima moto."

Zikabaki dawa za kibahasha. Siku ya kwanza kuzimeza mpaka siku ya homa: siku kumi na moja. Akazungushia duara. "Ni dawa gani?" Nikampigia mama video, akakigeuza kibahasha mbele ya simu. Kimeandikwa 2x2. Basi. Hakuna jina, hakuna tarehe.

Alfajiri nilikuwa mlangoni kwa muuza dawa. Mwanzo alikana, alidhani nimekuja na askari. Nilipomwambia mgonjwa anaweza kufa na daktari anataka jina tu, alishusha kopo kubwa la vidonge elfu moja, akanionyesha. Septrin, yaani kotrimoksazoli. Salfa.

Ugonjwa unaitwa Stevens-Johnson. Alilazwa siku 23.

tabibu_wa_mkoani

Mkuu pole sana, na huyo daktari apewe maua yake. Mimi ni tabibu, miaka kumi na moja kazini, nimewaona wagonjwa wa namna hii wanne, na wa kwanza nilimkosea: nilimwandikia tetekuwanga kama hao wenzangu. Kwa hiyo siwacheki.

Niongeze nyama. Jina linatokana na madaktari wawili wa New York, Albert Stevens na Frank Johnson, waliowaelezea watoto wawili wa kiume mwaka 1922: homa, macho yameharibika, mdomo umeoza, vipele mwili mzima. Wakati ule hawakujua ni dawa. Mwaka 1956 daktari wa Uskochi, Alan Lyell, akaandika juu ya wagonjwa wanne ambao ngozi zao zilitoka kama za mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Kwa miaka mingi hivyo vikahesabiwa magonjwa mawili. Leo tunaviona ni kitu kimoja kwa viwango tofauti: ngozi ikibanduka chini ya asilimia 10 ya mwili ni Stevens-Johnson, ikizidi 30 ni ule wa Lyell, katikati ni mpito. Kwa kadiri, kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni kama asilimia moja ya ngozi yake. Wa kiwango cha kwanza hufa takriban mmoja kati ya kumi. Wa kiwango cha juu, mmoja kati ya watatu au zaidi, na hapo ni kwenye nchi zenye wodi maalumu za majeraha ya moto.

Tetekuwanga huwasha. Hii HUUMA. Mgonjwa akikwambia shuka linamuumiza, macho yanamchoma na mdomo una vidonda, vyote vitatu kwa pamoja, acha kufikiria tetekuwanga. Na muulize alichokula cha duka la dawa wiki nne nyuma, maana mara nyingi huanza kati ya siku ya nne na ya 28 tangu dawa ianze. Ndiyo maana wengi wanakuwa wamemaliza dozi. Ndiyo maana jibu linakuwa "hatumii".

Dawa haiunguzi ngozi yenyewe. Askari wa mwili ndio wanaodanganyika, wanaona seli za ngozi kama adui na kuziua. Mwaka 2008 watafiti wa Taiwan walinyonya maji ya ndani ya malengelenge ya wagonjwa wakakuta yamejaa protini moja iitwayo granulisini, silaha ya hao askari. Walipoichoma kwenye ngozi ya panya, nayo ikatoka malengelenge.

Kidume cha Pwani

Ndiyo maana mimi dawa za mzungu nilishaachana nazo. Mwarobaini, mlonge, maisha yanaenda.

tabibu_wa_mkoani

@Kidume cha Pwani sawa mkuu, lakini mstari ule wa daktari hauna dini. Mwarobaini nao unachorwa humo humo. Mgonjwa wangu wa tatu alikuwa amekunywa mchanganyiko wa kwenye chupa ya maji, aliyemuuzia hakutaka kusema kaweka nini. Kopo la Septrin angalau lina maandishi.

kibatari

Swali la kijinga. Kama dawa inaweza kumchuna mtu ngozi, kwa nini wanairuhusu? Hawakuijaribu kabla?

mtakwimu_mvivu

@kibatari hilo si swali la kijinga, ndilo swali lenyewe. Nipe dakika mbili.

Chukua dawa mpya. Kabla ya kuingia sokoni inajaribiwa kwa watu, tuseme 3,000, na hao ni wengi. Hakuna hata mmoja aliyebanduka ngozi. Unaweza kusema haibandui? Huwezi. Kuna hesabu fupi inaitwa kanuni ya tatu: chukua 3, gawa kwa idadi ya uliowapima. 3 kwa 3,000 ni moja kwa 1,000. Maana yake, ingawa umeona sifuri, bado inawezekana kabisa balaa lipo kwa mtu mmoja kati ya kila elfu moja. Ukitaka kuwa na uhakika kwamba halizidi mmoja kati ya 10,000, sharti upime watu 30,000 na usione hata mmoja.

Sasa Stevens-Johnson, kwa nchi zilizohesabu, inampata mtu mmoja hadi sita hivi kati ya watu milioni kwa mwaka, dawa zote zikijumlishwa. Jaribio la watu 3,000 litaionea wapi? Ni kama kutega ndoana moja ziwani halafu utangaze kwamba samaki wa aina fulani hayupo.

Kwa hiyo dawa ikishaingia sokoni ndiyo jaribio kubwa linaanza, na wanaojaribiwa ni mimi na wewe. Hilo si kashfa, ni hesabu. Kashfa ni pale mtu anapobanduka Mbagala na hakuna anayeandika popote.

Mama Naa

Sasa mmenitisha. Nina mimba ya miezi mitano, kliniki wamenipa vile vidonge vitatu vya SP vya kukinga malaria, nimemeza mbele ya nesi. Na mwezi ujao wanataka nimeze tena. Si ndiyo hiyo hiyo salfa?

mkunga_mstaafu

Mama Naa mwanangu, tulia, vuta kiti.

Ndiyo, SP ina salfa ndani, ni ukoo mmoja na Fansidar na Metakelfin za enzi zetu. Mimi nilikuwa kazini mwaka 2001 serikali ilipoiacha klorokwini na kuweka SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Maneno yalikuwa mengi kuliko dawa. Magazeti yaliandika watu wanaobabuka, akina mama walikuwa wanaficha kidonge chini ya ulimi, wakitoka nje wanakitema kwenye maua. Maua ya zahanati yetu hayakupata malaria miaka mitano, nakuhakikishia. Hali iliendelea hivyo mpaka mseto ulipoingia mwishoni mwa 2006.

Hofu haikutoka hewani. Miaka ya themanini wasafiri wa Kimarekani walikuwa wanameza Fansidar kila wiki kujikinga, na ilipofika 1985 wakahesabu kifo kimoja kwa kila watumiaji kati ya 11,000 na 25,000, kwa sababu hiyo hiyo ya ngozi. Wakaacha kuitumia hivyo. Lakini hao walimeza wiki baada ya wiki. Wewe unapewa dozi moja, unapumzika mwezi au zaidi. Hatari haifanani. Na malaria ya mjamzito naijua kwa macho yangu: kondo la nyuma linajaa vijidudu, mtoto anazaliwa kilo mbili hazifiki, mama damu imekwisha. SP umeze.

Vitu viwili tu umwambie nesi kabla hajakupa kikombe cha maji. Kama uliwahi kupata vidonda mdomoni au vipele vibaya baada ya Septrin, Fansidar au salfa yoyote. Na kama unatumia Septrin kila siku kwa sababu nyingine, maana anayetumia Septrin kila siku hapewi SP juu yake. Usione aibu, nesi mzuri atakuelewa bila kuuliza kwa sauti.

Mama Naa

Ahsante sana bibi. Sijawahi. Nitameza. Shikamoo.

mkunga_mstaafu

Marahaba.

nesi_wa_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Nimesoma uzi wote nikakumbuka mwalimu wetu wa chuo. Yeye alikuwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya themanini, wakati kifua kikuu kinatibiwa na thiasetazoni. Dawa rahisi, senti chache, imetumika Afrika Mashariki miaka mingi bila matata makubwa. Mara ghafla wodini wagonjwa wanaanza kuvuka ngozi. Dawa ni ile ile, dozi ni ile ile. Alikuwa akituuliza darasani: kama dawa haikubadilika, nini kilibadilika?

Waliobadilika ni wagonjwa. Ukimwi ulikuwa umeingia. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa 1991 ulionyesha wenye virusi karibu mmoja kati ya watano alipata matatizo ya ngozi kwa thiasetazoni, na wasio na virusi ni kama mmoja kati ya mia. Wengine walikufa. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likasema wenye virusi wasipewe, na dawa ikaondoka polepole. Huo utafiti haukutoka Ulaya, ulitoka kwenye wodi zetu, kwa watu waliokaa wakahesabu vitanda. Jambo hilo hunifanya nijaze ile fomu ya njano hata saa nane usiku.

kibatari

Fomu ya njano ndiyo nini tena?

nesi_wa_Likoni

@kibatari karatasi ya kuripoti madhara ya dawa. Kwetu inaenda kwa bodi ya dawa. Unaandika umri, dawa, siku ilipoanza, siku ya tatizo, kilichompata. Si lazima uwe na hakika. Kushuku kunatosha.

tabibu_wa_mkoani

Kwetu Bara pia ni ya njano, inaenda TMDA, mamlaka ya dawa, waliokuwa TFDA kabla ya 2019. Na kutoka hapo inaingia kwenye ghala la dunia la ripoti hizi, lililoko Uppsala, Sweden. Mpango wenyewe ulianzishwa 1968 baada ya balaa la thalidomidi, dawa ya usingizi na kichefuchefu cha mimba iliyozalisha watoto zaidi ya elfu kumi wenye mikono na miguu mifupi au wasiokuwa nayo kabisa. Aliyegutuka Australia ni daktari mmoja, Ujerumani mwingine, mwaka ule ule wa 1961, kila mmoja na wagonjwa wake wachache. Hakukuwa na mahali pa kuweka hesabu zao pamoja. Tanzania iliingia mwaka 1993, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Ripoti zetu sasa, tukiri, ni chache kuliko madhara yetu. Mimi mwenyewe kwa wagonjwa wanne nimejaza mbili.

Tatizo jingine ni lugha yetu ya kazi. Tunawaambia wagonjwa "utapata maudhi madogo madogo, vumilia". Akipata kichefuchefu anavumilia. Akipata kidonda mdomoni anavumilia. Mpaka ngozi inaondoka bado anavumilia, kwa sababu daktari alisema.

msafiri_wa_pantoni

@tabibu_wa_mkoani hilo la kuvumilia limenigusa. Daktari alituambia kilichomsaidia mdogo wangu ni kwamba dozi ilishaisha. Angekuwa bado anameza, tungeendelea kumpa tukidhani tunamtibu.

tabibu_wa_mkoani

Kweli kabisa. Kuna utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2000: kwa dawa zinazotoka mwilini haraka, kila siku moja ya kuwahi kuiacha ilipunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 30. Siku MOJA. Hakuna sindano yoyote ya ugonjwa huu yenye ushahidi mzuri kuliko kuacha dawa. Kinachobaki ni matunzo: maji, joto, kusafisha, macho, chakula kwa mpira wa puani kama mdomo umekataa.

Kidume cha Pwani

Haya nimenyamaza kuhusu mlonge. Swali zito sasa: hakuna kipimo cha damu cha kujua kabla? Uingie, utolewe damu, uambiwe wewe na salfa msikutane.

mtakwimu_mvivu

Kwa salfa hakuna kinachotumika hospitalini. Kwa dawa nyingine kipo, na hadithi yake ni tamu.

Taiwan, dawa ya kifafa, karbamazepini, wengi mnaijua kwa jina la Tegretol. Mwaka 2004 watafiti walichukua wagonjwa 44 waliopata Stevens-Johnson kwa dawa hiyo, wakasoma jeni zao za kinga, zile ziitwazo HLA. Wote 44 walikuwa na aina moja, B*15:02. Kwa watu 101 walioinywa bila shida, waliokuwa nayo ni watatu tu. Nimeshika takwimu miaka yangu yote, matokeo makali kiasi hiki unayaona mara moja ukiwa na bahati. Wakaenda mbele: hospitali 23, watu karibu 4,900, kila mmoja anapimwa kabla ya kupewa. Wenye jeni wakapewa dawa nyingine. Walitegemea kuona wagonjwa kama kumi kwa uzoefu wa nyuma. Mwaka 2011 wakatoa jibu: sifuri.

Sasa usikimbilie kupima hiyo Mbagala. Jeni hiyo ni ya Asia zaidi, kwetu ni adimu sana. Kwetu kuna za kwetu. Malawi waliangalia nevirapini, ile iliyokuwamo kwenye dawa za mwanzo za virusi. Matokeo yao ya 2013 yalikuta jeni nyingine, C*04:01, ikiandamana na Stevens-Johnson. Lakini wengi wenye jeni hiyo hawakudhurika, kwa hiyo kuwapima watu wote kungewanyima dawa wengi ili kumwokoa mmoja. Ndiyo maana haikuwa kipimo cha kliniki.

Na ukisikia mtu anasema "Waafrika hawana jeni fulani", muulize Waafrika gani. Kuna dawa nyingine ya virusi, abakaviri, yenye mzio wake (si huu wa ngozi kubanduka, ni wa aina nyingine) na jeni yake B*57:01. Kwa Wayoruba waliopimwa haikuonekana. Kwa Waluhya wa Kenya ni kama asilimia 3. Kwa Wamasai wa Kenya karibu asilimia 14, kuliko Wazungu wenyewe. Kutoka Bungoma hadi Kajiado ni safari ya siku moja kwa basi.

mkunga_mstaafu

Hiyo nevirapini ndiyo tuliyokuwa tunaianza kidonge kimoja kwa siku wiki mbili za mwanzo, halafu viwili. Mgonjwa akitoka vipele ndani ya wiki mbili hizo, haongezewi mpaka aonwe na daktari. Wengine walikuwa wanaficha vipele kwa mikono mirefu ili waongezewe haraka, wanaamini viwili ndivyo vinaponya. Tulikuwa tunawaambia pandisha mkono wa nguo, hata kama ni mzee wa kanisa.

Mzaramo halisi

Mtoa uzi, hukutumalizia habari ya shangazi.

msafiri_wa_pantoni

Hahaha. Shangazi alikuja wodini siku ya tisa. Mdogo wangu ngozi mpya imeanza kuonekana, nyekundu kama ya kichanga. Shangazi akamtazama muda mrefu, akaniuliza, "Sasa hiyo Septrin, nani alimwekea?" Nikamwambia shangazi, ni muuza dawa. Akasema, "Naye ana sababu gani?" Tukaishia hapo.

Mrejesho, maana wengi mmeuliza. Ngozi imerudi, imebaki na mabaka, yatafifia. Kucha sita zilitoka, zimeota upya zina mawimbi. Tatizo ni macho. Wodini nesi alikuwa anamfunua kope kila baada ya saa chache na kumtia dawa, analia, mimi namwona nesi mkatili. Baadaye mtaalamu wa macho ndiye aliyenieleza kwamba kope zikiachwa na vidonda zinagandana na jicho lenyewe, kama vidonda viwili vilivyofungwa bandeji moja. Hata hivyo machozi hayatoki vya kutosha. Anatembea na kichupa cha machozi ya bandia kwenye pochi, na akipita barabara ya vumbi anavaa miwani ya jua hata saa moja jioni. Vijana wanamwita Bongo Fleva.

Alipewa kadi ndogo, imeandikwa kwa kalamu nyekundu jina la dawa, na chini yake orodha ya ndugu zake: Fansidar, Metakelfin, SP. Asimeze tena maisha yake yote, hata nusu, hata kwa kujaribu. Nimeipiga picha, ipo kwenye simu ya kila mtu nyumbani, na mama ameiandika nyuma ya daftari la kliniki la mjukuu, sijui kwa nini humo.

Na fomu ya njano ilijazwa. Daktari alituonyesha. Mahali pa jina la dawa palijaa kwa sababu ya lile kopo.

kibatari

Muuza dawa je?

msafiri_wa_pantoni

Yupo. Simlaumu kwa ugonjwa, hata hospitali kubwa wangeweza kumpa Septrin ile ile na ikatokea vile vile, hakuna ambaye angejua. Namlaumu kwa kibahasha. Nilirudi kumwambia mgonjwa ametoka, akafurahi kwa kweli. Juzi nimenunua dawa ya minyoo ya watoto, kaandika jina. Mwandiko mbaya, lakini kaandika.

nesi_wa_Likoni

Mwandiko mbaya hata sisi tunao. Muhimu herufi tatu za kwanza.

Kidume cha Pwani

Wakuu, nimetoka kupekua droo ya mama mzazi hapa Kibiti. Vibahasha saba. Kimoja 1x3, viwili 2x2, kimoja kimechorwa jua na mwezi, viwili havina kitu. Chenye jina la dawa ni kimoja tu.

Na hicho ni cha kuku.